Wengi Wakitaka Kuuza: Haki za Mwenye Sehemu Ndogo

Habari ya kuuzwa kwa mali ya pamoja mara nyingi humfikia mwenye sehemu ndogo ikiwa imeshaiva. Kikao kimekaa, mnunuzi amepatikana, bei imetajwa, na mtu ametumwa akuletee karatasi utie sahihi. Unaambiwa wenzako wote wamekubali, umebaki wewe tu. Huku Kasikeu, Makueni, na kuelekea Sultan Hamud na Emali kando ya barabara ya Mombasa, mali hiyo yaweza kuwa shamba la marehemu baba ambalo halijagawanywa, nyumba ya vyumba vya kupangisha ambayo ndugu walichanga wakaijenga sokoni, ploti ya mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana, au hisa katika kampuni ya ardhi iliyoanzishwa na wazee.

Sheria ya Kenya haina kanuni moja inayosema kwamba wengi wakikubali, wachache watafuata. Nguvu yako inategemea karatasi ambayo sehemu yako imeandikwa ndani yake, na kwa karatasi nyingi kati ya hizo mauzo hayakamiliki bila sahihi yako. Lakini nakuonya mapema kwamba kukataa peke yake si kinga. Sheria inampa anayetaka kuuza njia ya kwenda mahakamani, na jaji akikuta mwenzake hana neno lolote zaidi ya "hapana", anaweza kuamuru mali yote iuzwe. Anayesikilizwa vizuri ni yule aliyesema mapema, kwa maandishi, anachotaka badala ya mauzo hayo: agawiwe kipande chake, au anunue sehemu za wenzake, au auze kwa bei iliyothaminiwa na mtu asiyefungamana na upande wowote.

Kwa hiyo siku ile karatasi inapoletwa, usitie sahihi, hata kama aliyeileta ni kaka yako mkubwa na chai iko mezani. Mwombe nakala, mwambie utaisoma na utamjibu kwa barua. Ukiitwa kikaoni, nenda. Kutokwenda huwapa wengine nafasi ya kusema ulisusia. Angalia tu daftari la mahudhurio. Orodha ya majina na sahihi iliyoandikwa siku ya kikao inaweza kuja kubandikwa nyuma ya ukurasa unaosema wote wamekubali kuuza. Andika kando ya jina lako kwamba umehudhuria na hujakubali mauzo, kisha uupige ukurasa huo picha kwa simu yako.

Jua jina la nani liko kwenye hati

Kabla ya kubishana na mtu, nenda masjala ya ardhi mjini Wote ukiwa na nambari ya kiwanja, ufanye upekuzi rasmi. Omba pia nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani, yaani ukurasa wa rejista unaoonyesha kila mmiliki aliyepita, kila rehani na kila zuio tangu kiwanja kisajiliwe. Upekuzi unakuonyesha hali ya leo. Kadi ya kijani inakuonyesha ilivyofika hapo, na ndiyo itakayokufumbua macho kama kuna hatua iliyopitishwa kisirisiri.

Ukikuta majina mawili au zaidi kwenye hati, soma kama mmeandikwa wamiliki wa pamoja au wamiliki wa hisa. Tofauti hii ni kubwa, na inaelezwa na kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Wamiliki wa pamoja hawana mafungu: wote ni kama mtu mmoja mbele ya sheria, mmoja akifa sehemu yake inawaendea waliobaki, na mali haiwezi kuhamishwa ila wote wakitenda pamoja. Wamiliki wa hisa kila mmoja ana fungu lake, linalorithiwa na watoto wake. Hati ikinyamaza, sheria inachukulia kwamba ninyi ni wamiliki wa hisa zilizo sawa. Mwenye hisa hawezi kumuuzia mtu wa nje fungu lake bila idhini ya maandishi ya wenzake, na wenzake nao hawaruhusiwi kumnyima idhini hiyo bila sababu ya maana.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kifungu cha 94 kinamruhusu mwenye hisa yeyote, hata akiwa peke yake, kumwomba msajili wa ardhi aamuru mali igawanywe. Msajili huwasikiliza wote, akaangalia aina ya ardhi na mahali ilipo, idadi ya wamiliki na ukubwa wa hisa zao, na nani aligharimia maendeleo yaliyomo. Ikiwa umejenga nyumba au umechimba kisima kwenye shamba hilo, risiti zako ni ushahidi, zitafute sasa. Mali isipogawanyika, kwa mfano jengo moja lenye vyumba kumi na choo kimoja kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia, kinafuata kifungu cha 96. Wenye hisa wakishindwa kuelewana, mwombaji anaweza kwenda mahakamani kutaka iuzwe. Mahakama yaweza kuagiza uthamini, kisha ikaamuru mauzo kwa mnada au kwa njia nyingine inayofaa. Hayo ndiyo mauzo ya kulazimishwa yanayowezekana kweli kwa jengo la familia. Kinga yako imo ndani ya kifungu hichohicho: mwenye hisa ana haki ya kununua mali hiyo au sehemu yoyote inayouzwa, mnadani au kwa mapatano. Ukiona ugomvi unaelekea huko, anza kuongea na sako yako au na ndugu mwenye msimamo kama wako kuhusu fedha za kununua, usingoje siku ya mnada.

Marehemu akiwa bado ndiye mwenye hati

Ukienda Wote ukakuta hati bado ina jina la baba au babu aliyefariki, basi kisheria hakuna mtu yeyote nyumbani kwenu mwenye mamlaka ya kuuza, awe ni kifungua mimba, awe ni mjomba, awe ni kikao cha mbai nzima, yaani ukoo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inamtia hatiani mtu anayejishughulisha na mali ya marehemu bila mamlaka ya mahakama; adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata msimamizi aliyepewa hati ya usimamizi wa mirathi hana ruhusa ya kuuza ardhi kabla hati hiyo haijathibitishwa na mahakama, na kwa kawaida uthibitisho huja baada ya miezi sita.

Uthibitisho ndiyo hatua ya kuangaliwa kwa jicho kali, kwa sababu hapo ndipo mahakama inapotaja kila mrithi na fungu lake. Ukikosa kutajwa hapo, kila karatasi itakayofuata itakuwa na sura ya uhalali. Kesi ya urithi huanza na barua ya chifu inayoorodhesha waliobaki nyuma ya marehemu. Nenda kwa chifu, au kwa naibu wake, ujue kama barua hiyo imeshaandikwa na kama jina lako limo. Mabinti wanaachwa nje mno katika barua hizi, kwa hoja kwamba wameolewa. Sheria haitambui hoja hiyo: marehemu asiyeacha wosia, watoto wake wote ni warithi sawa, wa kiume kwa wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Dada aliyeko Mombasa au Saudia ana haki ileile na kaka anayelima ndengu kwenye shamba lenyewe.

Ombi la urithi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku zisizopungua 30 kupinga. Najua wachache sana Kasikeu wanaosoma gazeti hilo, ndiyo sababu nasema uulize mahakamani. Makueni kuna Mahakama Kuu, na kuna Mahakama ya Kilungu iliyo karibu zaidi na ninyi. Karani wa masjala atakuangalilia kama kuna kesi iliyofunguliwa kwa jina la marehemu wenu. Muda wa kupinga ukiwa umepita, kifungu cha 76 bado kinakuruhusu kuomba hati ya usimamizi ifutwe kama ilipatikana kwa uongo au kwa kuficha jambo la maana, na kumficha mrithi ni jambo la maana.

Mama mjane naye asisahaulike, pande zote mbili. Yeye ana haki ya kuitumia mali maisha yake yote, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kumuuzia paa alilo chini yake. Lakini yeye pia hawezi kuuza ardhi hiyo kwa uamuzi wake peke yake: anahitaji idhini ya watoto waliokomaa pamoja na ya mahakama, na sababu iwe ni mahitaji yake ya kuishi. Nimeiona familia ikimlaumu mama kwa mauzo ambayo kwa kweli yalisukumwa na mwana mmoja akitumia alama ya dole gumba la mama. Kama mama hasomi, kaa naye, umsomee kila ukurasa kwa Kikamba kabla dole halijagusa wino.

Jina la ndugu mmoja tu

Wakati wa upimaji wa ardhi, familia nyingi zilimwandikisha mwana mmoja kwa niaba ya wote. Miaka ikapita, sasa anauza akisema hati ni yake. Usikate tamaa kwa sababu jina lako halimo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinatambua amana za kimila kuwa haki zinazoifuata ardhi hata zisipoandikwa kwenye rejista. Mwaka 2018, katika kesi ya Isack M'Inanga Kiebia dhidi ya Isaaya Theuri M'Lintari, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba mwanafamilia anaweza kudai haki chini ya amana ya namna hiyo hata kama haishi juu ya ardhi hiyo. Utahitaji kuonyesha kwamba ardhi ilikuwa ya familia au ya ukoo kabla ya kusajiliwa, na kwamba uhusiano wako nayo si wa mbali. Wazee wanaokumbuka mipaka ya kwanza na makaburi yaliko ndio mashahidi wako, na wengine umri umewaenda. Maelezo yao yaandikwe na kuapwa mbele ya kamishna wa viapo wakiwa bado na nguvu.

Anayeuza akiwa mume au mke wako, sheria nyingine inaingia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzi.

Hisa za kampuni, sako na vikundi

Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za Malili Ranch, jirani yetu hapa, kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza. Ardhi hiyo ilikuwa ya kampuni yenye wanahisa wengi, na malalamiko kuhusu nani alilipwa na nani aliachwa yaliendelea miaka mingi baada ya fedha kutoka. Yeyote mwenye cheti cha hisa cha babu ndani ya sanduku la bati anapaswa kulichukua tukio hilo kama jambo lake.

Katika kampuni, ardhi ni ya kampuni na wewe una hisa tu. Sahihi yako haihitajiki kwenye hati ya kuhamisha. Kinachokulinda ni rejista ya wanachama, katiba ya kampuni na mkutano. Mwanahisa ana haki ya kuikagua rejista ya wanachama. Nenda ukahakikishe jina la marehemu limehamishiwa kwa warithi, maana fedha za mauzo hulipwa kwa kufuata rejista hiyo. Katiba ya kampuni ikidai azimio maalum ili ardhi iuzwe, azimio hilo chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015 huhitaji asilimia 75 ya kura. Mkurugenzi akitaka kujiuzia mali kubwa ya kampuni, yeye au jamaa zake wa karibu, wanachama lazima waidhinishe kwanza. Na kifungu cha 780 kinampa mwanahisa, hata wa hisa moja, ruhusa ya kwenda mahakamani akionyesha kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayowaumiza wanachama isivyo haki. Katika chama cha ushirika, kama sako, kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa kumi au mia, na mzozo hupelekwa kwenye Baraza la Ushirika.

Kikundi kisichosajiliwa ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu ploti yake huwa kwa jina la mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kama kikundi chenu kiko hivyo na bado mnapendana, huu ndio wakati wa kuandika mkataba unaosema hao watatu wanashika kwa niaba ya nani, na kila mtu alichanga kiasi gani.

Mwenye nyumba ndani ya ghorofa

Wana wa Kasikeu wengi wamenunua nyumba katika maghorofa ya Athi River, Syokimau na Nairobi, kwa hiyo neno moja kwao. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inakupa hati ya nyumba yako mwenyewe pamoja na fungu katika maeneo ya pamoja, na kila mwenye nyumba ni mwanachama wa shirika linaloliendesha jengo. Hudhuria mikutano ya shirika hilo, maana azimio la kuliuza au kulibomoa jengo litaanzia hapo.

Singapore wameishi na jambo hili muda mrefu. Tangu 1999 sheria yao inaruhusu jengo zima liuzwe wenye asilimia 80 wakikubali, au asilimia 90 kama halijatimiza miaka 10. Wanaokataa hulazimika kuondoka, lakini wanaweza kupinga kwa kuhoji nia njema ya mauzo: bei ilifikiwaje, fedha zinagawanywaje, na mnunuzi ana uhusiano gani na baadhi ya wauzaji. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya huko ilibatilisha mauzo ya jengo la Horizon Towers, ya dola milioni 500 za Singapore, kwa sababu kamati ya mauzo haikuwatendea haki wamiliki wote. Wajumbe wake wawili walikuwa wamejinunulia nyumba za ziada humo bila kuutangaza mgongano huo wa maslahi. Maswali hayo matatu yaulize hata kwenye kikao cha ndugu chini ya mwembe.

Hatua za kuchukua

Andika barua. Iwe fupi, yenye tarehe, itaje nambari ya kiwanja, fungu lako, kwamba hujakubali mauzo, na unachopendekeza badala yake. Mpe kila mwenye mali nakala, na mnunuzi pia kama unamjua. Barua ya mnunuzi ni muhimu kuliko zote: akishajua kuna mgogoro hawezi kuja kudai kwamba alinunua bila kujua. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema kuwa na hati mkononi hakutoshi ikiwa njia iliyoizaa ilikuwa haramu. Mnunuzi mwenye wakili mzuri anaijua kesi hiyo.

Kisha weka zuio kwa msajili wa ardhi, lile ambalo watu hapa huliita kosheni. Unajaza fomu, unaapa hati ya kiapo kueleza haki yako, na baada ya hapo mali haihamishwi bila wewe kuarifiwa. Usiliweke kwa hasira tu, kwa sababu anayeweka zuio bila msingi anaweza kudaiwa fidia.

Ardhi ikiwa ya kilimo, mauzo lazima yapite bodi ya ardhi. Mauzo ambayo hayakupata idhini ya bodi, inayopaswa kuombwa ndani ya miezi sita, ni batili chini ya Sura ya 302, ingawa mahakama imewahi kumwokoa mnunuzi aliyelipa akakaa miaka huku mwenye ardhi akinyamaza. Ulizia kwa afisi ya naibu kamishna wa kaunti bodi inakaa lini, upeleke pingamizi lako mapema, na ufike mwenyewe siku hiyo. Bodi ina ruhusa ya kukataa hata kwa sababu ya bei isiyo ya haki. Ploti za mjini hazipiti hapo.

Wazee wa mbai na chifu wanaweza kuwapatanisha, na Katiba katika kifungu cha 159 inaunga mkono njia hiyo. Mimi naipenda, kwa sababu ndugu watazikana hata baada ya kesi. Lakini usikubali kikao cha upatanisho kiwe njia ya kukuchelewesha huku hati inahamishwa. Zuio liwekwe kwanza, kikao kifuate, na mkielewana yaandikwe na kupelekwa mahakamani yawe amri.

Mambo yakishindikana, mlango ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Makueni. Ombi la kwanza huwa ni amri ya kusimamisha mauzo wakati kesi inaendelea. Jaji atatazama kama kesi yako ina dalili ya kufaulu, kama hasara yako isingefidika kwa pesa, na akiwa na shaka, ni nani ataumia zaidi. Sahihi yako ikiwa imeghushiwa, ripoti kwa idara ya upelelezi wa jinai, DCI, siku hiyohiyo. Asiye na uwezo wa wakili aende kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, Kituo cha Sheria, au kwa wanawake, FIDA Kenya.

Ukikubali kuuza

Yawezekana baada ya yote ukaona kuuza ni busara. Basi dai mthamini aliyesajiliwa, atakayelipwa na wote na kuwapa wote ripoti. Fedha zisiingie kwenye akaunti ya ndugu mmoja. Mkataba utaje fungu la kila mtu na akaunti yake, na wakili ashike hati mpaka kila aliyetajwa awe amelipwa. Ukiambiwa kodi imemega sehemu kubwa, uliza ni kodi gani. Ushuru wa stempu, asilimia 2 mashambani na 4 mjini, hulipwa na mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023, lakini inatozwa kwenye faida, na shamba la kilimo la mtu binafsi lililo chini ya ekari 50 nje ya mji limesamehewa. Risiti ya mamlaka ya mapato, KRA, iwe sehemu ya hesabu mtakayosomewa, na hesabu hiyo itiwe sahihi na wote kabla hati haijatoka mikononi mwa wakili.